Bi Mashavu na Barabara ya Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na jiko lenye mafiga, palikuwa na mtaa mmoja ukiitwa Vichakani. Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia, fumbua macho, maana hadithi hii haina kicheko kingi, na kidogo kilichomo sitaki kikupite.

Vichakani walikaa wadogo: panya, pimbi, kindi, kalunguyeye, kirukanjia. Na katika kichuguu kimoja kikubwa chenye madirisha mawili alikaa nguchiro mmoja, jina lake Bi Mashavu, pamoja na mumewe, Mbaruku.

Bi Mashavu alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa ulimi. Alikaanga kumbikumbi, akauza. Mumewe alikuwa fundi wa kusuka vikapu, mpole, asiyependa makelele. Lakini alikuwa na kifua. Akiinama kidogo tu kuokota ukindu, hoo! hoo! hoo! Kikohozi mpaka machozi.

Dawa ya kifua kile aliijua mmoja tu, Bibi Nungunungu, mganga aliyekaa ng'ambo ya bonde, mahali paitwapo Chemchemi. Kila siku ya saba Mbaruku alikwenda kufukizwa majani. Akifukizwa alipumua. Akikosa, kifua kilibana kama kimefungwa kamba.

Kutoka Vichakani mpaka Chemchemi ni mbali kwa mwenye miguu mifupi. Lakini hawakwenda kwa miguu. Palikuwa na gari la umma, gari refu la mbao lenye magurudumu manne, likivutwa na nyati wawili ndugu. Kila asubuhi njuga za nyati zililia, chaka-chaka! chaka-chaka! na magurudumu yakajibu, kwichi! kwichi! Wadogo sabini walienea humo, na vikapu vyao juu. Nauli ilikuwa konzi moja ya majani mabichi kwa ajili ya nyati. Asiye nayo alipanda vile vile, akaambiwa alete kesho.

Hivyo ndivyo Mbaruku alivyoishi miaka sita na kifua kile.

*

Sasa wakubwa nao walikuwa na shida yao. Kiangazi kilipokuwa kikali, maji yalibaki Chemchemi tu, na njia ya kwenda huko ilikuwa nyembamba. Tembo, Kiboko, Kifaru, wote asubuhi moja, kila mmoja na mbavu zake. Walisukumana, wakatukanana.

Siku moja Sultani Simba akaita baraza. Bwana Kifaru, aliyekuwa Mkuu wa Njia, akasimama katikati. Puu! Akatoa pumzi puani, vumbi likaruka.

"Tumechoka, Sultani! Jana Tembo kanikanyaga kidole. Juzi nimegongana na Kiboko, na Kiboko haombi radhi. Nipe ruhusa nijenge barabara. Pana! Nyoofu! Ya mawe! Atakayepita atalipa ushuru, na ushuru utaingia katika ghala lako."

Sultani alikuwa amelala nusu. Aliposikia neno ghala, masikio yakasimama.

"Itapita wapi?"

"Itanyooka tu, Sultani."

"Itanyookea wapi?" ikauliza sauti ndogo kutoka nyuma.

Kifaru akageuka huku na huku, maana macho yake hayaoni mbali. "Nani huyo?"

"Mimi hapa chini, bwana mkubwa. Mashavu, wa Vichakani. Nauliza itanyookea wapi, kwa sababu kati ya nyumba yako na Chemchemi tupo sisi."

"Mtahama."

Alilisema neno lile kama mtu anayefukuza nzi.

Bi Mashavu akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Sultani, niruhusu. Njia yetu haikujaa kwa sababu ni nyembamba. Imejaa kwa sababu kila mmoja anakwenda peke yake na upana wake wote. Gari la umma ni moja tu, likijaa limejaa. Swala wanaachwa, ngiri wanaachwa, pofu wenye pembe wanaachwa, wote hao wanaingia njiani kwa miguu. Tuongezee magari mawili. Mbao zipo, nyati wapo. Hao wote watapanda, na njia itabaki kwenu nyinyi msioenea garini. Lakini mkijenga barabara, leo itakuwa nyeupe, kesho itajaa tena, na sisi hatutakuwa na nyumba."

Kiboko akacheka. Hoh! Hoh! Hoh! Akacheka Tembo, akacheka Fisi, kila aliyetaka kuonekana mkubwa akacheka.

"Gari ni la wasiojiweza!" alisema Kifaru. "Mimi nikae bega kwa bega na panya?"

"Sijasema upande wewe, bwana mkubwa. Nimesema wapande hao wanaokuzuia."

"Kaa chini, mama."

Sultani akapiga mwayo, meno yote yakaonekana. "Barabara ijengwe," akasema, na baraza likavunjika.

*

Siku ya pili yake nyani wawili walipita Vichakani na kopo la rangi nyekundu. Fyaa! Fyaa! Kila mlango wakaupiga alama ya X.

Mbaruku alitoka nje, ameshika kifua. Akaitazama ile alama iliyokuwa bado inachuruzika.

"Kichuguu hiki kilijengwa na babu yangu," alisema.

"Mzee," nyani mmoja akajibu, wala hakumtazama usoni, "sisi tunapaka rangi tu."

Siku ya nne Kifaru akaja. Gubu! Gubu! Gubu! Pembe ikaingia, ukuta ukatoka. Bi Mashavu alikuwa amewahi kutoa kikaango, mkeka mmoja na ukindu wa mumewe. Alisimama kando ya njia na vitu vyake kichwani, akaangalia madirisha yake mawili yakiwa shimo moja, kisha shimo likawa vumbi. Majirani walilia. Yeye hakulia. Alikuwa akisikiliza kifua cha mumewe katika vumbi lile, hoo! hoo! na kwa kila kikohozi alihesabu siku zilizobaki kufika siku ya kufukizwa.

Walihamia ukingo wa kinamasi, kwenye ardhi isiyotakiwa na mtu. Kulikuwa na unyevu. Mkeka uliota ukungu, na kifua cha Mbaruku kilianza kupiga filimbi hata akiwa amelala.

Nyati wawili walichukuliwa kwa amri kwenda kuvuta mawe ya barabara. Gari la umma likasukumwa pembeni, likaachwa. Magugu yakapanda magurudumuni.

Barabara ilipokwisha, ngoma zilipigwa. Ilikuwa kweli pana, kweli nyoofu, nyeupe kama mfupa. Mwanzoni mwake paliwekwa mti wa kukingama, na Fisi akawekwa hapo kuwa mtoza ushuru.

"Kila kichwa kapu moja la mtama!" alitangaza Fisi. "Asiye na kapu asinisogelee!"

Wanangu, kapu moja la mtama ni chakula cha mwezi mzima katika nyumba ya panya. Wadogo wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakageuka, wakashika kijia cha kuzunguka kinamasi. Safari iliyokuwa ya asubuhi moja garini ikawa ya kutwa nzima kwa miguu, kwenye matope na miiba.

Mbaruku na mkewe walizunguka mara ya kwanza, wakafika jua limekuchwa. Walizunguka mara ya pili, ikabidi walale njiani, na Bibi Nungunungu alipomwona Mbaruku alisema, "Mwanangu, ukija hivi, ninachokupa mimi njia inakunyang'anya."

Mara ya tatu Mbaruku hakuweza hata kuanza. Bi Mashavu akamshika mkono, akampeleka kwenye mti wa Fisi.

"Baba Fisi, mume wangu mgonjwa. Tuache tupite leo tu."

"Kapu lako liko wapi?"

"Sina. Chukua kikaango changu. Ndicho ninachofanyia kazi."

Fisi akakitazama kile kikaango, akamtazama Mbaruku, akakuna shingo. Hakuwa na furaha. "Mama, mimi nimewekwa tu. Nikikupitisha wewe, Kifaru atanila mimi. Zungukeni."

Nyuma yake barabara ilikuwa imelala tupu. Mbali kabisa alionekana Tembo, yuko peke yake, anatembea katikati.

"Barabara nzima hii," alisema Mbaruku taratibu, "na haina mtu." Kisha akavuta pumzi fupi. "Twende, Mashavu. Nitajikaza."

Wakazunguka. Jua lilipofika utosini walikuwa bado katikati ya matete. Mbaruku akaketi juu ya kisiki.

"Ngoja nipumzike kidogo."

"Pumzika. Nakuletea maji."

Bi Mashavu akakunja jani, akateka maji mahali yalipokuwa safi kidogo, akarudi mbio mbio bila kumwaga tone. Alipofika karibu alisimama. Alisikia matete, alisikia vyura. Hakusikia filimbi ya kifua. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kile kifua kilikuwa kimetulia.

Alisimama pale ameshika lile jani mpaka maji yote yakavuja.

*

Walimzika ukingoni mwa kinamasi. Majirani walikaa matanga pamoja naye chini ya kipande cha turubai. Siku ya tatu, wakati wanaanua tanga, akafika Mzee Kobe, rafiki wa marehemu, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Nisamehe, mwanangu," alisema huku anahema. "Nilianza safari siku ile ile niliyopata habari. Ndiyo kwanza nafika."

"Umefika, mzee. Karibu."

"Mimi ni mzito wa miguu. Nikiwa njiani kila mtu ananilaani."

Bi Mashavu, ambaye tangu msiba hakuwa amesema maneno kumi, akainua kichwa. Akamtazama Kobe, gamba lake, miguu yake, kwa muda mrefu mpaka yule mzee akaona haya.

"Mzee Kobe, ungekuwa unatembea katikati ya ile barabara, nani angeweza kukupita?"

"Nani asiyeweza? Wangenipiga teke, mara moja nimo mtaroni."

"Na kama sheria inakataza teke?"

"Sheria gani itakayonilinda mimi dhidi ya Tembo?"

"Haipo," alisema Bi Mashavu. "Bado."

*

Asubuhi alikwenda nyumbani kwa Kifaru. Alimkuta uani, amelala ubavu, anapumua kwa hasira. Puu! Puu! Masikio yake yalikuwa yamejaa kupe.

"Hodi, bwana mkubwa. Kupe hawa wanakutesa. Nikutolee?"

"Wewe nani?"

"Mjane tu. Natafuta kibarua."

Kifaru hakuona mbali, na wa karibu hakujisumbua kumtazama. "Haya, panda."

Bi Mashavu akapanda juu ya shingo ile nene, akaanza kazi. Tk! Kupe wa kwanza. Tk! Wa pili. Chini ya meno yake palikuwa na ngozi laini ya sikio, laini kama tambi. Angeweza kuuma. Alifikiria kuuma. Akatoa kupe wa tatu.

"Aah, hapo hapo," Kifaru alinguruma. "Chini kidogo."

"Mbona una hasira hivyo, bwana mkubwa?"

"Ghala la Sultani halijai. Wanaolipa ni wakubwa wachache, na hao nao wanapigana. Tembo anataka kumpita Kiboko, Kiboko hataki kupitwa. Jana wamegombana katikati ya barabara mpaka jioni. Sultani ananitazama vibaya."

"Pole. Na wadogo je?"

"Wadogo hawana kapu. Wanazunguka kinamasini."

"Ndipo unapopoteza, bwana mkubwa. Wale ni wengi mno, na kila siku wanakukwepa. Usiwatoze kapu. Mtoze kila mtu unyayo wake."

"Unyayo?"

"Weka udongo mbichi pale kizuizini. Kila anayepita akanyage, kisha aijaze alama yake nafaka. Mdogo atatoa kidogo, lakini atatoa. Na Tembo... we, unyayo wa Tembo utameza makapu mangapi?"

Kifaru akafikiri. Tumbo likaanza kutikisika kwa kicheko. "Matatu! Na wa Kiboko mawili na zaidi! Hoo!" Kisha akanyamaza. "Hawatakubali."

Tk! Kupe mwingine.

"Watakubali ukiwapa heshima. Tangaza hivi: aliyelipa ni bwana wa njia. Hatua kumi mbele yake na hatua kumi nyuma yake ni zake. Asipitwe, asisukumwe, asikaripiwe. Kila mkubwa atalipa kwa furaha ili atembee kama mfalme. Na ugomvi wao utakwisha."

"Aliyelipa ni bwana wa njia," Kifaru akarudia polepole, akilionja lile neno. "Ni neno zuri. Nililifikiria mimi mwenyewe."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Mimi nilikuwa natoa kupe tu."

Alipofika nje ya ua, Bi Mashavu aliosha mdomo mara tatu.

Siku ya Ijumaa mbiu ikapigwa. Sultani Simba mwenyewe alisimama mbele ya watu, akashika manyoya ya shingo yake, akaapa: "Aliyelipa ni bwana wa njia! Yeyote atakayempita au kumsukuma, hata nikiwa mimi, atavuliwa cheo mbele ya wote!"

Wakubwa wakapiga vifijo. Wadogo nao wakapiga vifijo, na hakuna mkubwa aliyejiuliza kwa nini.

*

Jumatatu alfajiri ilipokwisha na jua limetoka, Fisi alikuta mstari unamngoja. Wa kwanza Mzee Kobe.

"Weka mguu," alisema Fisi. Kobe akakanyaga udongo, akamimina ulezi, punje kumi na mbili, alama ikajaa. "Pita."

Kobe akaingia barabarani. Akakaa katikati kabisa. Hatua moja... pumziko. Hatua ya pili... pumziko. Wa nyuma walingoja mpaka afikishe umbali uliowekwa.

"Weka mguu." Bi Mashavu, punje tisa. "Pita."

"Weka mguu." Panya, punje moja. "Moja tu?"

"Ongeza basi, Baba Fisi. Ikifurika si kosa langu."

"Pita, pita."

Wadogo sabini, mmoja mmoja, kila mmoja na hatua zake kumi mbele na kumi nyuma. Wa mwisho alikuwa Kirukanjia. Fisi alitazama ule mstari mrefu, akamtazama Kobe kule mbele, akakuna shingo. Lakini sheria ni sheria, na yeye aliwekwa tu.

Ndipo wakubwa wakaja, wana kiu. Tembo akajaza unyayo wake makapu matatu kwa majivuno, akaingia, akapiga hatua nne, akasimama. Mbele yake yuko Kirukanjia. Nyuma yake akaingia Kiboko. Nyuma ya Kiboko akaingia Sultani Simba na watu wa nyumba yake wote.

Foleni ikafungana. Jua likapanda. Mawe meupe yakaanza kuchoma nyayo.

"Songa!" Tembo akapiga baragumu. Paaa!

"Nimelipa," alisema Kirukanjia, sauti yake ikipasuka kwa hofu.

Kivuli cha Tembo kilikuwa kimewafunika wadogo kumi. Kalunguyeye akaanza kulia. "Bi Mashavu! Mguu wake umenyanyuka! Mimi natoka, naogopa!"

"Hata mimi naogopa," Bi Mashavu akajibu, hakugeuza shingo. "Tembea."

Gubu! Gubu! Gubu! Kifaru akaja mbio kandokando ya barabara, vumbi nyuma yake. "Tokeni! Tokeni nyote! Wakubwa wana kiu!"

"Bwana mkubwa," alisema Bi Mashavu, "nimelipa. Punje tisa. Muulize Fisi."

"Fisi!"

"Amelipa, bwana," Fisi akapaza sauti kwa mbali. "Wote wamelipa."

Kifaru akainamisha kichwa karibu, karibu zaidi, mpaka pua yake ikamgusa. Sauti ile aliijua. "Wewe... wewe ndiye mtoa kupe."

"Ndiye mimi. Na ndiye mimi niliyekuuliza barazani itanyookea wapi. Na mume wangu alikufa kwenye matete kwa kukosa kapu lako."

Kifaru akarudi nyuma hatua tatu, akateremsha pembe. Wadogo wakafumba macho. Bi Mashavu hakufumba. Alifikiri: kama ni hapa, basi ni hapa.

Ndipo ikapigwa ngurumo kutoka nyuma kabisa, mpaka mawe yakatetema.

"KIFARU! Kiapo changu!"

Kifaru akasimama papo hapo, pembe yake bado imeinama.

Sultani hakuweza kuja mbele, maana kuja mbele ni kupita waliolipa. Ikabidi Bi Mashavu arudi nyuma, apite chini ya tumbo la Tembo na kando ya Kiboko, mpaka mbele ya Simba. Ulimi wa Sultani ulikuwa nje, mkavu.

"Nani kafanya haya?"

"Sheria, Sultani."

"Mko wangapi?"

"Sabini."

"Mtafika lini Chemchemi?"

"Mzee Kobe anasema keshokutwa, miguu ikimruhusu."

"Na siwezi kuwapita."

"Umeapa mbele ya watu."

Simba akageuka. Nyuma yake watoto wake walikuwa wakilia kiu. Bi Mashavu aliwasikia, na moyo ukamuuma, kwa sababu watoto hawakujenga barabara.

"Mnataka nini?" Simba aliuliza.

"Pale kwenye magugu kuna gari, Sultani. Na wale kule wanaovuta mawe ni nyati wake. Toa amri tu."

Amri ikatolewa. Nyati wawili wakafunguliwa, wamekonda, mabega yana vidonda. Wakang'oa gari kutoka kwenye magugu. Kwiii-chi! Wadogo wakapanda, mmoja mmoja, panya, pimbi, kindi, Mzee Kobe akinyanyuliwa na watu wanne. Sultani alitazama. Kabla jua halijasogea upana wa kidole, barabara yote, kutoka pale aliposimama mpaka upeo wa macho, ilikuwa nyeupe. Hakuna mtu. Palikuwa na gari moja tu, fupi kuliko Tembo na kivuli chake.

"Wote wale wamo mle?" Simba aliuliza.

"Wote, bado mimi."

"Na nafasi ipo?"

"Ipo ya ngiri wawili na vikapu vyao."

Simba akalitazama lile gari tena. Kisha akasema, "Mti wa Fisi ung'olewe. Barabara hii ni ya gari la umma kwanza, wengine baadaye. Yajengwe magari mengine mawili, na pofu na swala wapande. Na wewe Kifaru, si Mkuu wa Njia tena."

Garini vikapigwa vigelegele. Bi Mashavu hakupiga.

"Na nyumba zetu, Sultani?"

Simba akayatazama mawe chini ya makucha yake. "Vichuguu siwezi kuvirudisha," alisema hatimaye.

"Najua," alisema Bi Mashavu. "Nilitaka ulitamke wewe mwenyewe."

Akapanda. Gari likaondoka, na wote njiani waliimba isipokuwa yeye. Walifika Chemchemi kabla ya jua kuchwa. Bibi Nungunungu alikuwa mlangoni pake, anachambua majani. Tangu gari liliposimama, habari za Vichakani zilimfikia kwa taabu, au hazikumfikia kabisa. Alipomwona Bi Mashavu anashuka, uso wake ukachangamka, akaanza kukusanya majani ya kufukiza.

"Afadhali gari limerudi! Mwambie mumeo aingie tu, moto uko tayari."

Bi Mashavu alisimama mbele yake, ameachia mikono.

"Nimekuja peke yangu, bibi."

Yule mganga aliacha majani yakaanguka. Akamshika mkono, akamwingiza ndani, na moto ule uliokuwa tayari wakauota wawili mpaka ukawa majivu.

Basi, wanangu, shikeni hili moja kisha mkalale: barabara ya kulipia huwapa nafasi wachache na kuwaacha wengi njiani, na magari ya wote yakicheleweshwa, wako watakaokuwa hawapo tena kuyapanda.